Nilisema Bomba Liwekwe Juu

Kijijini, kwa posta ya Vwawa
9 Januari 1977

Mwanangu mpendwa Loisi,

Pokea salamu katika jina la Bwana kutoka kwangu mimi baba yako mdogo Abrahamu. Sisi huku hatujambo. Mama yako mdogo Teresia alisumbuliwa na jino wiki tatu, limeng'olewa Mbozi Mission na sasa anakula. Mahindi yamefika kifuani. Mama yako Ferista ni mzima, bado anauza kwenye duka la kijiji. Amekaa hapa kando yangu na anasema niandike kwamba blanketi limefika, na kwamba usilale bila kula eti kwa sababu umechoka.

Sasa shida yangu. Unajua kwamba kijiji kilinipa mimi usukani wa lori letu la Bedford. Lori hili halipandi. Nikiwa na mzigo kwenye mlima wa Iyula linahema kama ng'ombe mgonjwa. Juzi akina mama walishuka wakatangulia kwa miguu, wakafika juu kabla yangu wakaketi kunisubiri. Mmoja akaniuliza kama nataka kusukumwa au kubebwa. Nimeshika usukani tangu kabla ya Uhuru, nimepita njia ya Zambia na mafuta wakati madereva wengine wanaacha magari yao matopeni wanakimbia. Sistahili kuulizwa neno kama hilo na watu niliowapa nafasi garini.

Fundi wa Vwawa amelitazama. Anasema injini ni nzima ila inavuta hewa ya moto mle ndani ya boneti, itafutiwe bomba la kuvuta hewa baridi kutoka nje. Lakini hajui bomba hilo liwekwe wapi. Wewe ndiye uliyetoka jeshini na cheti cha ufundi. Tuelekeze.

Mimi baba yako mdogo,
Abrahamu


Morogoro
2 Februari 1977

Baba mdogo, shikamoo.

Barua imefika baada ya siku kumi na sita. Nimefurahi kusikia habari za jino. Mwambie mama ninakula. Kazini, hapa karakana ya magari, bado ni mimi peke yangu mwanamke kati ya wanaume kumi na tisa. Mwezi uliopita nimekabidhiwa injini yangu ya kwanza niifungue na kuifunga bila kusimamiwa, nayo imewaka.

Fundi wenu amesema kweli. Hewa ya moto ni nyepesi, na injini ikivuta hiyo haishibi. Tena kwenye lori lenu chujio la hewa liko jirani na ekzosi, bomba la moshi wa moto. Lakini mahali pa kuweka mdomo wa bomba ndipo penye kazi yote, kwa hiyo soma polepole.

Wapo watakaosema uwekwe mbele, chini, karibu na bampa, kwa sababu upepo unapiga hapo na bomba linakuwa fupi. Ni kweli hewa ya pale ni baridi. Lakini mito yenu naijua. Masika maji yanafika kwenye bampa, na injini ikivuta maji badala ya hewa inavunjika mara moja, haingoji ufike ng'ambo. Nyuma ya gurudumu usifikirie kabisa, utailisha vumbi kiangazi chote.

Liwekwe juu. Toboeni ubavu wa boneti upande usio na ekzosi, bomba lipande kwenye nguzo ya kebini mpaka lipite paa, na mdomo wake utazame nyuma, ufunikwe kofia ya bati mvua isiingie. Nimechora na vipimo vyote nimeandika. Mchoro uko ndani ya barua hii. Narudia ili asije mtu akasema hakuelewa: juu, si chini.

Msalimie mama mdogo.

Mwanao,
Loisi


Kijijini
13 Machi 1977

Mwanangu Loisi,

Salamu nyingi. Tu wazima, mvua haijatuacha. Mama yako anakusalimu sana.

Mchoro ulifika, nasi tumefanya kazi. Bomba la mpira nililifuata mwenyewe Tunduma, kwa mzee Shaban, yule mwenye malori na duka la vipuri karibu na mpaka. Fundi wa Vwawa amelifunga kwa siku moja. Mwanangu, lori linapanda. Iyula nimepita na magunia arobaini bila kubadili gia mara mbili. Wale akina mama walikaa kimya kama wako kanisani.

Mwenyekiti wetu, bwana Jairo, amefurahi. Ametengenezesha ubao mkubwa ukawekwa juu ya kebini, umeandikwa jina la kijiji na UJAMAA NA MAENDELEO kwa rangi nyekundu, maana tunategemea mgeni kutoka mkoani. Kuhusu mahali pa bomba, tumeelewana vizuri na fundi.

Teresia anakuuliza kama huko Morogoro hakuna vijana Wamoravian.

Mimi,
Baba yako mdogo


Morogoro
22 Mei 1977

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini nyote ni wazima. Mimi ni mzima na kazini ni kwema. Vijana Wamoravian wapo.

Ni karibu miezi miwili sijapata barua. Nina swali moja tu. Bomba mmeliweka wapi?

Mwambie mama nangoja neno kutoka kwake.

Loisi


Kijijini
19 Juni 1977

Mwanangu Loisi,

Salamu za Bwana. Usinione kimya, kazi za shamba zilinibana. Kahawa mwaka huu imezaa hata matawi yanainama. Baba yake Asajile, jirani yetu, amefariki, tumemzika juma lililopita. Alikuwa mtu mwema.

Lori lilipata matatizo kidogo mwezi wa nne kwenye mto ule wa chini ya shule. Limepumzika kwa sasa, tunasubiri vipuri. Ni mambo ya kawaida ya magari, wewe mwenyewe unayajua. Usijisumbue nayo huko uliko.

Mama yako yupo, ni mzima, hana neno. Anasema fanya kazi kwa bidii.

Mimi,
Baba yako mdogo Abrahamu


Morogoro
10 Julai 1977

Baba mdogo Abrahamu,

Namsalimu mama mdogo Teresia, na nawapa pole wote wa nyumba ya Asajile.

Nesta amepita hapa. Unamkumbuka, tulisoma darasa moja, sasa anafundisha shule yetu hapo kijijini. Alikuja kwenye semina ya walimu, akanitafuta mpaka getini. Tulikaa chini ya ukuta wa karakana akala muwa wake nusu, halafu akaniuliza, "Loisi, kwa nini umemwacha mama yako peke yake?"

Sikujua anasema nini. Ikabidi anieleze mimi, mtoto wa Ferista, habari za Ferista.

Kwamba lori lilikufa katikati ya mto likiwa na mbolea ya kijiji kizima. Kwamba bomba lilikuwa chini, kwenye bampa, likanywa maji, fimbo mbili za pistoni zikapinda. Kwamba kwenye mkutano bwana Jairo alisimama akasema mchoro ulitoka kwa binti wa Ferista, na kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumpa msichana spana. Kwamba mama ameondolewa dukani, kwa sababu mtu ambaye mwanawe ameharibu mali ya kijiji hawezi kushika mali ya kijiji. Kwamba sasa watu wanabeba kahawa kichwani mpaka ghala la barabarani, na wakipita mlangoni kwa mama wanatua mizigo kwa makusudi, wanapumua kwa nguvu ili asikie.

Nikamuuliza Nesta, "Na baba mdogo alisema nini kwenye mkutano?"

Akasema, "Alikuwepo. Alikaa mstari wa mbele. Hakusema kitu."

Wewe uliyesoma barua yangu. Niliandika juu, nikaandika mara ya pili.

Sasa na mimi nikwambie nililokuficha. Nilipokuuliza mwezi wa tano bomba liko wapi, nilikuwa nimeshaitwa ofisini. Katibu wa kijiji ameandika barua hapa kwa muhuri, kwamba nimetoa maelekezo ya uongo yaliyoharibu lori la wananchi. Msimamizi hakuniuliza neno. Alininyang'anya injini, akanipa karai la mafuta ya taa nioshe vyuma. Mpaka leo ndiyo kazi yangu, wanaume kumi na tisa wananiletea vyuma vichafu. Nilikuuliza kwa upole kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Ukaniletea "matatizo kidogo".

Na kitu kimoja kinanikosesha usingizi kuliko karai. Mama hajui kuandika. Barua zake zote zinapita mkononi mwako. Uliponiandikia "hana neno", alikuwa amesema nini?

Loisi


Kijijini
7 Agosti 1977

Loisi,

Nimepokea barua yako. Haina hata shikamoo. Nilikulea mimi tangu kaka yangu alipofariki ukiwa na miaka minne. Ada ya shule ya kati niliitoa mimi. Leo unaniandikia kama karani anayemwandikia mfungwa.

Unazungumza ukiwa Morogoro penye lami. Huku kuna mwenyekiti, kuna kamati, kuna mgeni wa mkoa. Bwana Jairo alisema bomba lisiwekwe juu kwa sababu litaziba ubao wake, mtu akitazama lori kutoka upande ule hataona neno MAENDELEO. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ningefanya nini? Nimpige? Kama una hasira, mwandikie Jairo, usiniandikie mimi.

Na kwenye mkutano, wewe unafikiri mtu anasimama tu anasema? Kuna kijana amerudi kutoka Mbeya na leseni mpya, kila siku anazunguka lile lori na kitambaa analipangusa. Wanangoja niteleze.

Mama yako ana chakula. Hajalala njaa hata siku moja, Teresia anampelekea.

Mchoro wako sijui uko wapi, nyumba ilivuja.

A. Nzowa


Morogoro
28 Agosti 1977

Baba mdogo,

Sijamwandikia Jairo. Nilimwandikia mzee Shaban Tunduma, maana malori yake yanapita hapa. Dereva wake ameniletea jibu jana kwa mkono. Nalinakili kama lilivyo:

"Binti, baba yako alikuja kwangu kununua mpira wa bomba. Nikamwambia chukua mita tatu, utahitaji kulipandisha juu, gari zangu zote ziko hivyo kwa ajili ya mito. Akasema anataka mita moja, linakaa kwenye bampa. Nikamwambia utaiua injini hiyo. Akasema mwanawe ni fundi wa jeshi na mchoro wake unasema chini. Nikanyamaza, maana sikuweza kushindana na fundi wa jeshi."

Sasa nijibu. Jairo alisema lisiwekwe juu. Sawa, ni mpumbavu wa ubao wake. Lakini je, alisema liwekwe chini? Ungeweza kuliacha. Ungeweza kuhamisha ubao shubiri mbili. Ungeweza kuniandikia, nikakutafutia njia. Ulitaka lori lipande Iyula kabla ya Pasaka ili akina mama wanyamaze. Ukachukua jina langu ukamfunga nalo mdomo mzee Shaban, na fundi wa Vwawa, na kamati. Halafu injini ilipovunjika ukaliacha jina langu palepale mtoni.

Ulinilea, ni kweli, na sijasahau hata siku moja. Ndiyo maana nilichora mchoro ule siku mbili baada ya kazi, nikapima kwenye Bedford ya hapa kwa futi, nikaandika namba kubwa kubwa kwa sababu najua macho yako. Nisingemfanyia hivyo mtu baki.

Siombi pole. Nataka mambo mawili. Simama kwenye mkutano useme ulivyofanya, na barua yenye muhuri ije hapa kama ile ya kwanza ilivyokuja. La pili, kaa na mama, Nesta awepo asome kila mstari unaoandika, na uandike anachosema mama. Usipofanya hivyo, hii ni barua yangu ya mwisho kwako.

Loisi


Kijijini
2 Oktoba 1977

Mwanangu Loisi,

Nakusalimu. Teresia hajambo. Aliisoma barua yako kabla yangu, na kwa siku tisa akaniwekea chakula mezani bila kusema neno. Siku ya kumi nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji.

Walikuwa wanazungumzia mnada wa kahawa. Nikanyoosha mkono. Nilisema nina neno kuhusu lori. Bwana Jairo akasema, "Keti, Abrahamu, jambo hilo limekwisha."

Nikasema, "Halijaisha. Mimi ndiye niliyeliua."

Watu wakacheka kwanza, wakadhani natania. Nikawaambia yote. Kwamba mchoro ulisema juu. Kwamba mwenyekiti alikataa juu kwa ajili ya ubao, nami nikasema chini nikamwambia fundi kuwa ndivyo ulivyoelekeza. Kwamba mzee Shaban alinionya. Kwamba siku ile mtoni niliona maji yamepita jiwe tunalopimia, nikaingia hivyo hivyo, kwa sababu gari lilikuwa na nguvu na watu walikuwa wananitazama. Hapo mkutanoni mchoro nilikuwa nao mfukoni. Haukuvujiwa. Ulikuwa ndani ya Biblia yangu tangu mwezi wa pili, na kila Jumapili nilipofungua Biblia niliuona. Nikampa Nesta pamoja na barua yako, akasoma mbele ya watu, mpaka pale uliposema asije mtu akasema hakuelewa.

Mama mmoja, yule aliyeniuliza kuhusu kubebwa, alisimama akasema, "Miezi mitano shingo yangu imebeba mizigo, na wewe ulikuwa unaniamkia kila asubuhi." Akaketi. Nimetukanwa sana maishani mwangu barabarani, lakini sijasikia neno lililoniumiza kama hilo.

Usukani wamenivua, amepewa yule kijana. Jairo bado ni mwenyekiti, alisema yeye alitoa maoni tu. Barua ya muhuri imeandikwa, nimeipeleka posta Vwawa mwenyewe nikaona ikipigwa chapa. Kuhusu duka, wamesema litatazamwa.

Sasa ninaandika maneno ya mama yako. Nesta amekaa katikati yetu na anasoma kila mstari ninapoumaliza.

"Loisi mwanangu. Huyu anayeandika ndiye aliyenidanganya. Mwezi wa nne nilimwambia akuandikie kwamba nimefukuzwa dukani na kwamba watu wanakusema vibaya, nikataka nijue kama ni kweli ulikosea. Akaandika, akanisomea, akasoma yote niliyosema. Kumbe barua hiyo hakuituma. Mwezi wa sita akaandika tena, akanisomea yote, kumbe kwenye karatasi hayakuwemo. Mimi nikangoja jibu. Halikuja. Nikasema moyoni, mtoto wangu amesikia shida yangu akanyamaza. Nilikukasirikia, Loisi. Wakati mwingine nilipokuwa nalima peke yangu nilikuwa nakusema vibaya kwa sauti. Nisamehe. Dukani sitarudi, hata wakinibembeleza. Nimeanza kujifunza kusoma kwa Nesta, jioni tatu kwa wiki, na tayari naweza kuandika jina lako. Abrahamu, andika na hilo. Andika kwamba unalia, maana unalia."

Nimeandika.

Baba yako mdogo,
Abrahamu


Morogoro
23 Oktoba 1977

Baba mdogo, shikamoo.

Namshukuru mama mdogo Teresia kwa siku zake tisa.

Barua ya kijiji imefika. Msimamizi aliisoma, akaikunja, akaniambia nirudi kwenye injini. Nikamwambia, "Uliniondoa mbele ya watu kumi na tisa. Nirudishe mbele yao hao hao." Akapiga kengele ya chakula kabla ya saa yake, akawakusanya akasema. Hakusema vizuri, aliongea kama mtu anayemeza mwiba, lakini alisema. Karai nililimwaga mwenyewe.

Nimepata likizo mwezi wa kumi na mbili. Fimbo za pistoni nimezipata kwa mtu mwenye Bedford iliyokufa, na mzee Shaban ameahidi mita tatu za mpira. Nitalifunga lori hilo mwenyewe, mchana, pale mbele ya duka, na bomba nitaliweka juu. Ubao uondolewe kabla sijafika. Kama Jairo anaupenda, autundike chumbani kwake. Yule kijana wa leseni mpya awepo ajifunze. Na wewe uwepo. Utanishikia bomba wakati nakaza skrubu, na mtu akiuliza mbona liko juu, utamjibu wewe.

Usije kunipokea stendi ya Vwawa. Nitashuka peke yangu na nitafikia kwa mama. Kwako nitakuja, ila siwezi kukwambia ni siku gani, kwa sababu hasira yangu bado haijaisha na sitaki kuingia nyumbani kwako nikiwa nayo.

Barua ya mama nimeiandika kando, kwa herufi kubwa, na nimeituma kwa Nesta. Usimwulize nimeandika nini.

Mwanao,
Loisi